Hotuba ya Mwenyekiti katika Sherehe ya Miaka Kumi: Kuhama ni Hesabu



Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili tunawashukuru akina baba walioko huku nyuma, waliokubali kuwaacha wake zao waje kikaoni kila Jumatano kwa miaka kumi. Wengine walikubali kwa shingo upande, tunajua, lakini walikubali.

Tumeombwa na kamati tuseme habari ya mafanikio. Mafanikio mtayasoma katika taarifa ya mtunza hazina, kila kitu kimeandikwa mle, hisa na mikopo na faida. Sisi tumeona tuzungumze jambo moja ambalo limekula fedha zetu nyingi kuliko ugonjwa, kuliko ada za shule, kuliko hata harusi. Jambo lenyewe ni mahali pa kulala. Pango, kiwanja, kodi ya jengo, na ile homa ya kuhama inayotushika kila mara tunaposikia kwamba mahali fulani ni rahisi.

Wengi wenu mnakumbuka kikundi hiki kilivyoanza. Mwaka 2015 tulikuwa wanawake kumi na wanne tu, na tisa kati yetu tulikuwa wapangaji wa uani katika nyumba mbili zilizopakana. Tulikuwa tunalipa pango mwezi kwa mwezi. Siku moja mwenye nyumba akaja akasema, kuanzia sasa nataka miezi sita kwa mkupuo, asiyeweza anipishe. Chumba kilikuwa shilingi 40,000. Miezi sita ni 240,000. Na ukienda kutafuta kwingine, dalali naye anataka mwezi wake mmoja, 40,000 nyingine, hata kama kazi aliyofanya ni kukuonyesha mlango. Sisi wauza vitumbua, wauza samaki, wauza mchicha, tungeitoa wapi 240,000 siku moja? Tukakaa chini ya mwembe, tukanunua sanduku, fundi akatutilia kufuli tatu, tukachagua watunza funguo watatu. Mkopo wa kwanza kabisa wa kikundi hiki ulikuwa wa kodi ya chumba. Kwa hiyo, ndugu Mgeni Rasmi, ukisikia watu wanasema hawa akina mama walianzishwa na wafadhili, si kweli. Tulianzishwa na mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye makosa, maana sherehe bila kusema makosa ni kudanganyana.

Mwaka 2017 mwenzetu mmoja alipata kiwanja. Yeye alikuwa amechoka kupanga, ana watoto wanne, na kila mara akigombana na mwenye nyumba kwa sababu ya maji na kelele. Kiwanja kiliuzwa shilingi 1,500,000. Viwanja vya juu kidogo, hatua mia mbili hivi kutoka hapo, vilikuwa vinauzwa 4,000,000. Sisi badala ya kujiuliza kwa nini hiki ni rahisi hivi, tulifurahi! Tulipiga vigelegele. Tulimkopesha 1,200,000, mkopo mkubwa kuliko yote tuliyokuwa tumewahi kutoa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukiona wakati wa mvua. Tulikwenda kiangazi, tukakuta majani makavu na kijito chembamba unaweza kukivuka kwa kanda mbili. Tukaandikishana kwa mashahidi, tukatoa na fedha ya kuandikiwa karatasi, risiti hatukupewa na wala hatukuidai. Sahihi ya mwenyekiti ipo pale chini.

Mwezi wa nne mwaka 2018, wote mnakumbuka ile mvua. Kile kijito kikawa mto. Mwenzetu alikuwa amekwisha kupandisha vyumba viwili hadi kwenye linta. Maji yaliondoka na tofali, na mchanga, na mabati aliyokuwa ameyahifadhi kwa jirani. Baadaye ndipo tukaelezwa habari ya mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulipopima kwa kamba, kiwanja chote kilikuwa ndani ya zile mita 60, chote, hata mahali pa choo. Jiji hili lilikuwa limekwisha kutufundisha mapema. Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walifurikiwa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za mabondeni zikawekwa alama ya X na kuvunjwa. Tuliyaona kwa macho, ni hapa hapa jirani. Lakini mtu akiwa na hamu ya chake, macho yanakuwa na kiwi.

Kuhusu ule mkopo palitokea ugomvi mkubwa. Wako waliosema alipe wote, deni ni deni. Wako waliosema tumsamehe wote, mtu hana nyumba, utamdai nini. Vikao vitatu hatukuelewana. Mwishowe tulikubaliana alipe nusu kidogo kidogo, na nusu ibebwe na sisi sote kutoka kwenye faida, kwa sababu kosa lilikuwa la wote. Wanachama wawili walituaga kwa hasira, na mmoja wao hadi leo tukikutana sokoni anatusalimia upande upande. Hatumlaumu. Fedha zake zilikuwemo. Yule mwenzetu alimaliza nusu yake mwaka 2021, na yupo hapa leo, ndiye aliyesimamia wali. Tumeomba ruhusa yake kuyasema haya naye akasema, semeni, labda yatamfaa mtu.

Jambo la pili ni pango rahisi la mbali. Hili hatukulijua kabisa mpaka lilipotupata.

Mwaka 2019 mama mmoja wa kikundi, muuza vitumbua na chai pale karibu na sokoni, alihamia Chanika. Chumba cha Buguruni alikuwa analipa 50,000, Chanika akapata kwa 20,000, tena kina nafasi na hewa nzuri. Akatuambia, jamani mnapoteza fedha bure mjini, mimi naokoa elfu thelathini kila mwezi. Wengine wakaanza kufunga virago. Baada ya miezi mitatu akaanza kuchelewa hisa. Baada ya miezi mitano hakuonekana vikaoni. Tukamfuata, tukaketi naye, tukachukua daftari tukaandika. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, na siku yenye mzigo konda anadai na nafasi ya ndoo, kwa wastani 2,000 kwa siku. Siku 26 za kazi ni shilingi 52,000. Aliokoa 30,000 akatoa 52,000. Kila mwezi alikuwa anapoteza 22,000 na huku anaamini anaokoa. Bado hatujaweka maji ya madumu, maana pale alipopanga bomba lilikuwa halijafika. Bado hatujaweka kwamba alikuwa anaamka saa tisa usiku ili awahi wateja wa alfajiri, na mtoto wa darasa la pili anajivalisha mwenyewe.

Hatusemi Chanika ni pabaya! Tafadhalini, wako wajumbe hapa wanaoishi Chanika, Kivule na Majohe, msije mkatupiga mawe. Yule mama hakurudi Buguruni. Alichofanya ni kuihamisha kazi. Alianza kukaanga vitumbua huko huko karibu na shule, nauli ikafutika, na leo analipa hisa zake kwa simu tena kabla ya Jumatano. Kwa hiyo kosa lake halikuwa kuhama. Alihamisha godoro akaiacha kazi mjini.

Tulipoona hivyo tukaweka utaratibu. Mwanachama akitaka mkopo wa kodi au wa kiwanja, anakaa na katibu wanaandika mambo yote: pango au bei, nauli ya kila anayetoka nyumbani asubuhi pamoja na watoto wa shule, maji, umeme, choo kinanyonywa mara ngapi, na zahanati iko wapi. Mwanzoni watu walinuna, eti tunawachunguza. Siku hizi wanakuja na karatasi wameandika wenyewe.

Tumetaja umeme, basi hebu tuufafanue kidogo, maana hapa ndipo kodi ya jengo inapojificha.

Zamani kodi ya majengo tulikuwa tunaisikia kwa mbali, inalipwa halmashauri, mwenye nyumba analipa au halipi, mpangaji hajui. Mwaka 2016 ikahamishiwa TRA. Halafu mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi, inakatwa kabla hujapata uniti. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu kwa ghorofa. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa kila sakafu, yaani 90,000 kwa mwaka. Na usidhani ukikaa miezi mitatu bila kununua umeme umeikwepa. Inakusubiri. Siku ukinunua inakatwa yote ya nyuma, ndipo unasikia mtu anapiga kelele kwamba amenunua umeme wa elfu tano akapewa uniti za kuwashia taa moja.

Wiki ile ya kwanza ya makato hayo, mwaka 2021, ilikuwa vita katika nyumba za kupanga. Mwenzetu mmoja, mjane, ana nyumba ya vyumba vitano na mita tatu. Wapangaji wakamjia juu, kila mmoja amekatwa 1,000. Yeye akawaona waongo. Kumbe kweli, mita zote tatu zilikuwa zinakatwa kwa jengo moja. Ikabidi aende kueleza kwamba nyumba ni moja, ibaki mita moja tu inayolipia. Alizungushwa kidogo, njoo kesho, njoo Ijumaa, lakini ilirekebishwa.

Na kuna swali ambalo kila mwaka linaulizwa kikaoni: nani anapaswa kulipa, mpangaji au mwenye nyumba? Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Serikali yenyewe ilieleza tangu mwanzo kwamba mpangaji aliyekatwa kwenye LUKU aelewane na mwenye nyumba apunguziwe kwenye pango. Kusema ni rahisi. Kumwambia mwenye nyumba, baba naomba 18,000 yangu ya mwaka, wakati unataka akuruhusu kulipa miezi mitatu badala ya sita, hilo ni jambo jingine. Ushauri wetu ni huu: lisemwe siku ya kuandikishana, kabla fedha haijatoka mkononi. Ukishalipa miezi sita huna tena sauti.

Tena liko jambo ambalo wazee wengi hawalijui. Mwenye nyumba aliyefikia miaka 60 anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba moja, ile anayoishi mwenyewe. Lakini msamaha hauji kwa miguu yake, lazima uombe na uonyeshe umri wako. Bibi yetu, mwanachama namba tatu, alikuwa anakatwa miaka miwili na ana miaka sabini. Mjukuu wake ndiye aliyempeleka. Mlio na mama zenu na bibi zenu, nendeni nao, msiwaachie mambo ya foleni.

Ukiwa na hati au leseni ya makazi, kuna na kodi ya pango la ardhi. Hiyo ni nyingine kabisa, msiichanganye. Inalipwa kila mwaka, na hesabu yake inatokana na ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi. Mtu anayenunua kiwanja kikubwa chenye hati aulize kwanza muuzaji amelipa mpaka mwaka gani. Deni la ardhi linakaa na ardhi, na wewe uliyekuja jana ndiye utakayesumbuliwa.

Sasa tuseme tunavyoona sisi. Watu wanaiogopa kodi ya jengo kuliko inavyostahili. Tumewasikia watu wazima wakisema hawataki kujenga mjini kwa sababu ya kodi. Kwa nyumba ya kawaida ndani ya jiji letu kodi hiyo ni ile ile, uwe Buguruni uwe Chanika, 1,500 kwa mwezi. Ni nauli ya siku moja! Haiwezi kuwa sababu ya kuchagua pa kuishi. Anayejenga ghorofa, huyo apige hesabu, maana kila sakafu ina bei yake. Sisi wa vyumba vitatu na bati, tuziogope zile gharama zisizo na risiti: nauli, dumu la maji, bodaboda ya usiku kumpeleka mtoto zahanati, na umeme wa mita ya pamoja. Hii ya mita ya pamoja wengi hawaitambui. Mteja mdogo anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anauziwa kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mkiwa wapangaji sita kwenye mita moja mnazipita hizo 75 kabla ya mwezi kufika katikati, basi wote mnalipa bei ya juu, hata yule mwenye taa moja na redio. Chumba cha 30,000 chenye mita yake kinaweza kuwa rahisi kuliko cha 25,000 cha mita ya pamoja. Ila mita yako mwenyewe nayo ina gharama. Tulipouliza mwaka 2022, kuunganishiwa umeme mjini mahali pasipohitaji nguzo ilikuwa shilingi 320,960.

Kuhusu barabara tutasema kwa kifupi. Barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tangu sheria ya mwaka 2007. Iko na barabara yenye hifadhi pana zaidi ya hiyo, waulizeni wa Kimara mpaka Kiluvya waliovunjiwa mwaka 2017. Fremu ya biashara kando ya lami inavutia, lakini uliza kwanza.

La mwisho ni jina. Hili linatuuma. Mwaka 2022 mwenzetu alichukua mikopo miwili ya kikundi, akanunua kiwanja na mumewe, yeye akitoa zaidi ya nusu. Karatasi ya mauziano ikaandikwa jina la mume peke yake, eti ndiyo heshima ya nyumba. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja na ile karatasi mkononi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ipo. Lakini kwenda baraza la ardhi ni nauli, ni siku za kazi, ni mashahidi, na shauri lake hadi leo tunapokula pilau halijakwisha. Kilichomsaidia kidogo ni daftari la kikundi. Limeandikwa tarehe, kiasi, na sababu ya mkopo: kununua kiwanja. Baraza limelipokea. Katibu wetu aliyeliandika kwa mwandiko ule mnaoucheka, leo ampigiwe makofi.

Akina baba msinune. Majina mawili kwenye karatasi moja hayamwondolei mtu ubaba wake. Kuanzia mwaka jana kikundi hakitoi mkopo wa kiwanja kama jina la mwanachama halimo katika mauziano. Wanachama watano walikasirika, mmoja mumewe alikuja mpaka nyumbani kwa mwenyekiti saa mbili usiku. Tulimkaribisha chai. Jina liliandikwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuna risala ndefu ya maombi. Tunaomba mambo mawili tu. Ofisi ya mtaa ituwekee ukutani ramani ya mahali pasiporuhusiwa kujengwa, kwa maandishi makubwa, ili mtu aione kabla ya kutoa fedha na si baada. Na tunaomba mtu wa kodi aje siku moja kikaoni kwetu, Jumatano saa kumi jioni, atujibu maswali kwa lugha yetu.

Wanachama, wanaotaka mkopo wa kiwanja kwa mzunguko ujao waandike majina kwa katibu kabla ya kutawanyika. Wako saba mpaka sasa. Viwanja vyote saba vitakaguliwa na kamati, na safari hii tumepanga twende wakati wa masika, siku ambayo imenyesha usiku kucha. Kila mtu aje na viatu vya mvua, nauli ni ya mkopaji.

 Chakula kiko tayari, watoto wapewe kwanza.